Mashine ya Upepo Iliyongoja Umeme

Kwenye hitima ya Mjomba Mfaume, mwezi uliopita, wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu marehemu. Mmoja akasema alikuwa mtu wa maendeleo, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuleta mashine ya upepo katika kijiji hiki, enzi hizo watu wanajaza tairi kwa pampu ya mkono. Wenzake wakaitikia, kweli, kweli. Mie nilikuwa upande wa wanawake natenga pilau kwenye sinia, na mkono ukanisimama juu ya nyama. Dua ilipofika niliinua mikono nikasema amina, maana marehemu ana haki yake ya dua na mie sina ugomvi na Mola. Lakini ile sifa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilipokataa kuitikia, Mamdogo Hadija akaninong'oneza, "Somoe, maiti husemwa kwa mema." Sawa. Hayo mema wameshayasema wao, na sufuria zimeshaoshwa. Mie nasema yaliyokuwa. Nilijifunza kusoma na kuandika kwenye darasa la jioni, mwanangu Zuhura mgongoni, mkaa wa kuandikia ukinichafua kanga, na sikujifunza ili niandike jina langu kwenye gunia la korosho tu.

Mwaka ule ni mwaka wa kuhama. Tulitolewa kule ndani kwenye mikorosho yetu, tukaletwa hapa kando ya barabara ya Kilwa, kaskazini ya Mchinga, kila nyumba imepimiwa kamba. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, udongo haujakauka, ukiegemea ukuta unaondoka na nusu yake mgongoni. Usiku mende, mchana vumbi la malori. Watu walilia kwa sababu ya miti yao waliyoiacha. Mie nililia pia, lakini moyoni kulikuwa na kitu kingine, na sikumwambia mtu: kule ndani gari lilikuwa likipita mara moja kwa msimu, na hapa yalikuwa yakipita kila siku, yamebeba watu, yamebeba mabati, yamebeba mbao, na barabara ilikuwa mbovu. Mume wangu, Salumu, alikuwa fundi wa magari. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, Mola ametuhamisha na riziki yetu.

Salumu ni mtu wa Rondo, alikuja kwetu kuoa, akakaa kwetu kama desturi yetu ilivyo, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Alijenga kibanda cha makuti pembeni ya nyumba, akachimba shimo la kuingia chini ya gari, akatundika spana zake kwenye misumari kwa ukubwa, kama watoto wa madrasa waliopangwa mstari. Tatizo lilikuwa mkono. Kabla ya kuhama, jeki ilimponyoka, lori likamshukia kwenye kiwiko cha kulia. Ulipona umepinda. Aliweza kushika, aliweza kuzungusha, aliweza kula kwa adabu kwa mkono wake wa kulia, lakini nguvu ya kuvunja nati iliyokamata haikurudi. Na magari ya pwani hii unayajua, chumvi inakula kila kitu, nati za tairi zinashikana na gurudumu kama zimezaliwa pamoja. Fundi asiyeweza kufungua tairi ni mtu wa kutazama magari tu. Na mwaka ule hakukuwa na mtu wa kutazama. Ama una kazi inayojulikana, ama unapewa jembe na kipande chako kwenye shamba la kijiji. Jembe kwa mkono ule! Siku moja nachambua mbaazi nyuma ya nyumba nilimsikia Mjomba Mfaume ukumbini anamwambia mgeni wake, wala hakupunguza sauti: "Huyu mkwe wangu asipopata shughuli, namrudisha Rondo alikotoka. Nimpe nyumba na mke, nimpe na mkono?" Mgeni akacheka. Mbaazi zikanimwagika.

Salumu mwenyewe alijua dawa yake. Aliwahi kufanya kazi kwenye gereji ya shamba la mkonge upande wa Lindi, na huko waliisukuma kazi kwa upepo. Kuna mashine ina tangi, inasukuma upepo ndani, unafunga mpira, mwisho wa mpira unafunga bunduki, unaiweka kwenye nati, unabonyeza, nati inatoka inalia. Mkono haufanyi kitu ila kushika. Tukawa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, au siku za shida ming'oko mitupu, mizizi ya porini, na chumvi, na yeye anaeleza, tonge liko hewani. "Watu wanakimbilia bunduki," ananiambia, "kwa sababu inapiga kelele. Bunduki ni mdomo tu, Mama Zuhura. Tumbo ni tangi. Mdomo mkubwa na tumbo dogo, unafungua nati moja unakaa unasubiri kama mtu anayengoja meli." Akaniambia mpira uwe mnene, mwembamba unaukaba upepo njiani. Akaniambia soketi za bunduki ni zile nyeusi nene, hizi zinazong'aa zinapasuka zikakuingia jichoni. Akaniambia kila jioni ufungue kizibo cha chini ya tangi utoe maji, maana upepo wa pwani una maji ndani yake, yakilala humo yanaoza chuma. Na juu ya yote, kwetu sisi, mashine iwe ya injini. Hayo ya mwisho aliyasema akicheka, kwa sababu nani hajui kwamba hapa hakuna umeme.

Habari zikaja kwamba shamba lile la mkonge linafungwa na vitu vya gereji vinauzwa. Fedha za kununulia tulikuwa nazo, za korosho za mikorosho ya marehemu mama yangu, tulizovuna kabla ya kuhama. Hapa niseme jambo ambalo wageni hawalielewi. Kwetu miti hufuata upande wa mama. Mama alipofariki, mikorosho ikawa yangu. Lakini mwanamke haisemei miti yake mbele za watu, anayeisemea ni mjomba wake. Yeye ndiye aliyeuza, yeye ndiye aliyefunga fungu la fedha kwenye kitambaa kiunoni, yeye ndiye angechagua. Salumu, mkwe, hana neno kabisa juu ya mali ya ukoo wa mke. Basi tukaenda Lindi watu watatu: Mjomba mbele amevaa kanzu na koti, Salumu nyuma yake, mie nyuma ya Salumu na kikapu cha mihogo ya kuchoma na samaki wa kukausha. Mwenye miti nyuma kabisa.

Gereji ile ilikuwa banda refu la bati, ndani kuna joto la tanuri na harufu ya mafuta ya zamani. Mlinzi mmoja tu alikuwa amebaki, mzee wa Kimakonde, amekaa juu ya tairi anakula mabibo. Mashine za upepo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya injini ya petroli, tangi limebonyea ubavuni, rangi imetoka yote, chini imetona mafuta yakaganda. Nyingine ilikuwa nyekundu, tangi refu, magurudumu yake mazima, na juu yake imekaa mota ya umeme inang'aa kama sinia la harusi, waya wake umekunjwa vizuri haujawahi kuguswa na panya. Mjomba alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ile nyekundu akaweka kiganja juu yake, na mie nilijua palepale tumekwisha.

Mkwe hambishii mjomba wa mkewe. Maneno yakiwa mazito hupitia kwa mke. Kwa hiyo tulisimama watatu ndani ya hatua chache, na mazungumzo yakawa hivi.

"Mama Zuhura," Salumu akasema, macho chini, "mwambie mkwe hiyo ni ya umeme."

"Mjomba, anasema hiyo ni ya umeme."

"Nina macho. Mwambie na sisi tunaletewa umeme."

"Salumu, mjomba anasema tunaletewa umeme."

"Mwambie mkwe, inshallah. Lakini ile nyingine inafanya kazi kesho. Ubovu wake ni ringi na mafuta. Naijua, nimeitumia."

"Mjomba, anasema ile..."

"Nimesikia!" Mjomba akageuka, si kwa Salumu, kwangu. "Bwana mkubwa wa wilaya alisimama mbele yetu pale chini ya bendera, akasema mkihamia barabarani mtapata maji, mtapata zahanati, mtapata umeme. Mlikuwepo au hamkuwepo?"

"Tulikuwepo."

"Sasa mie mjumbe wa kamati nitoke Lindi na mashine ya injini ya petroli, nipite nayo kijijini watu wakiiona, nitakuwa nasema nini? Nitakuwa nasema yule bwana ni mwongo! Nitakuwa nasema umeme hauji! Mnataka niitwe mpinga maendeleo?"

Yule mzee wa Kimakonde akatema makapi ya mabibo. "Hapa kwenyewe," akasema, "umeme ulikuwa wa jenereta ya mzungu. Kaondoka nayo."

"Wewe kula mabibo yako," Mjomba akamwambia.

Nikasema mie mwenyewe sasa, bila kutumwa na mtu. Nilipiga goti kwanza, na sauti nikaishusha. "Mjomba, nisamehe. Umeme huo hata nguzo yake moja hatujaiona. Na mkono wa Salumu hauwezi kungoja nguzo. Miti ni ya mama. Naomba ile ya injini." Hilo nililisema. Nataka lijulikane kwamba nililisema, kwa sababu miaka yote hii nimesikia watu wakisema Salumu na mkewe walikuwepo, mbona hawakusema. Mjomba akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto aliyevunja kikombe. "Somoe mwanangu, ukienda darasani jioni unafundishwa nini? Si unafundishwa kutazama mbele?" Akafungua kitambaa kiunoni. Akanunua ile nyekundu. Na kwa sababu roho ilikuwa imefurahi, akataka na bunduki ya kupulizia rangi, maana aliiona inapendeza, na mlango wake ulikuwa haujapakwa. Bunduki ya nati, mpira mnene na soketi nyeusi vilipatikana kwa sababu mzee wa Kimakonde alivitupa ndani ya kikapu changu juu ya mihogo, akasema, "Hivyo navyo chukueni, bila hivyo hiyo ni pipa."

Sijui kama kuna hasira mbaya kuliko ya kupanda lori na kitu ulichokinunua mwenyewe kwa jasho la mama yako, na hukitaki. Salumu alikaa ameegemea tangi lile jekundu njia nzima. Tulipofika kijijini watu walitoka majumbani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akawaambia, "Hii inangoja umeme tu," na kwa vile waliamini, wakashangilia zaidi. Sikuwacheka. Na sisi tulikuwa tumeacha makaburi ya wazazi wetu kwa maneno yaleyale.

Mashine ikawekwa kwenye stoo ya nje, uani kwetu, mlango wa mbao na kufuli, ufunguo kwenye kamba kiunoni mwa Mjomba. Kila alipokuja mgeni wa wilaya, stoo ilifunguliwa, mgeni akatazama, akagonga tangi kwa kidole, likalia. Bwana mmoja mwenye kalamu mfukoni akasema kijiji hiki kina mwamko. Mjomba akarudi kwenye baraza lake akarudia neno hilo mpaka tukalichoka. Na Salumu huku nje anajaza tairi za baiskeli kwa pampu ya mkono, mkono wa kushoto.

Halafu likaja jambo ambalo ndilo linaloniudhi zaidi, maana kosa la kununua lingeweza kurekebishwa. Salumu alikaa akafikiri, akaniambia, "Mama Zuhura, hii mashine si mbovu. Kinachosukuma upepo ni kile kichwa na puli. Mota kazi yake kuzungusha mkanda tu. Tukiitoa mota, tukafunga injini yoyote, upepo utatoka uleule. Kwetu Rondo kuna injini ya dizeli ya mashine ya kusaga ya marehemu kaka, jiwe lilipasuka, injini nzima. Dereva Chande anapita huko, ataileta." Niliinuka palepale nikaenda kwa Mjomba. Nilimkuta anakula wali wa nazi na kunde, nikangoja amalize, nikamwagia maji mikononi, nikaeleza kwa upole kuliko ninavyomweleza mtu kitu siku hizi. Akafuta mikono taratibu.

"Kutoa mota?"

"Ndiyo, mjomba. Tutaihifadhi. Umeme ukija inarudishwa."

"Na bwana wa wilaya akija, akute mota imewekwa chini na dizeli inatoa moshi, nimwambieje?"

"Umwambie inafanya kazi."

"Somoe, kitu kizima hakichokonolewi. Mwambie mumeo avumilie. Subira ni nusu ya imani, au hamjafundishwa hilo?"

Kunisomea dini! Mtu aliyekuwa akiswali Ijumaa hadi Ijumaa. Subira naijua. Nimezika mama, nimezika mtoto, najua subira ni nini. Subira ni kwa jambo ambalo Mola amelishika mkononi mwake. Ufunguo ulikuwa kwenye kiuno cha Mjomba.

Injini ilikuja kweli. Chande, mtu mmoja mnene mcheshi, aliyekuwa akibeba mbao za kijiji kutoka Rondo, aliishusha uani kwetu, tukaifunika turubai. Lakini siku ile na yeye alikuja na shida yake. Tairi ya nyuma imeisha, nati zimekamata, na mzigo unangojwa Kilwa. Salumu akaweka wili spana, akaweka bomba refu la chuma kwenye mkia wake lipate urefu, akabonyeza kwa mkono wa kushoto na kifua. Kitu kikalia, nikadhani nati. Kilikuwa kiwiko kilekile kibovu, cha mkono uliokuwa umeshikilia spana. Alikaa chini kwenye mchanga uso umebadilika rangi, na hakupiga kelele, alisema tu, "Ya Latifu, ya Latifu." Chande akasema basi atatafuta fundi mwingine Mchinga. Hapo Salumu akaniangalia, na katika macho yale niliiona njia ya Rondo yote, na yeye anaipanda peke yake na kifurushi.

Nikafunga kanga kiunoni mafundo mawili, nikavua kandambili, nikasema bismillahi, nikapanda juu ya lile bomba. Nikasimama kwenye ncha, nimeshika ubao wa lori. Nikaruka kidogo. Nati ikalia kwiii, ikaachia, mie nikashuka nayo mpaka chini. Chande akapiga makofi. "Lo! Salumu, hii bunduki yako inakula mafuta gani?"

"Inakula ming'oko," Salumu akasema, machozi ya maumivu bado yako shavuni, na sote tukacheka. Nikapanda tena. Nilifungua zote.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Yeye anaweka spana, mie napanda. Wapita njia wakaniita Mama Jeki. Wanawake wenzangu kisimani wakaniuliza kama usiku pia mie ndiye ninayepanda, nikawaambia waulize waume zao kwa nini wao hawana nguvu ya kupandwa. Hayo hayakunikera. Kilichonikera ni kwamba ndani ya uzio huohuo, nyuma ya ubao mmoja, imekaa mashine ya kufanya kazi ile, imenunuliwa na korosho zangu, na mie niliyekuwa na mimba changa narukaruka juu ya bomba kama mbuzi.

Mjomba akaitisha kikao cha ukoo baada ya alasiri, ukumbini kwetu. Alikuja na wazee wawili na Mamdogo Hadija. Salumu akaambiwa akae nje. Nikawapikia chai ya mchaichai na viazi vitamu, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mjomba akaanza mbali, akasifu ukoo, akafika kwenye aibu. Binti wa watu anapanda magurudumu mbele ya madereva, paja linaonekana.

"Paja halionekani," nikasema. "Navaa suruali ya Salumu ndani."

"Astaghfirullah! Na suruali tena!" Mamdogo Hadija akasema, akaziba mdomo kwa kanga, na mie niliona mabega yake yanatetemeka kwa kicheko.

"Basi nakata maneno," Mjomba akasema. "Mume huyu hatufai. Nilimpokea na mikono miwili, amebaki na mmoja. Kwa desturi yetu namwambia afunge mzigo. Tutakutafutia mtu mzima."

Nilikuwa nimeshika birika. Niliiweka chini pole pole, maana chai ilikuwa ya moto na niliogopa mkono wangu wenyewe. "Mjomba," nikasema, "ndoa yangu ilifungwa kwa Kurani mbele ya mashahidi, na wewe mwenyewe ulikula ubwabwa wake. Talaka iko mkononi mwa Salumu na Salumu hajaisema. Wewe umepewa kuisemea mikorosho. Mie si mkorosho."

Mzee mmoja akaacha kutafuna. Mjomba akasema nichague, mume au miti ya mama yangu. Nikamwambia aitunze miti. Palepale nilijua nimekata kitu kisichoungika, na nilijua pia kwamba ile miti iko kule ndani, moto wa nyika unaichezea, hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kurudi kuipalilia. Alikuwa ananitishia kwa jivu. Waliondoka viazi vimebaki.

Kesho yake, baada ya kuswali alfajiri na kuwasha moto wa uji, nilichukua bisibisi nikaenda stoo. Kufuli sikuligusa. La Mjomba lile, na mali ya mtu haivunjwi. Nilifungua skrubu za bawaba upande wa pili, mlango ukalala kwenye kufuli lake, umefungwa salama. Salumu alisimama nje ya kizingiti, hakuingia. "Mie mkwe," akasema, "mkono wangu haugusi mali ya ukweni bila ruhusa." Nikamwambia asiguse. Awe mdomo tu. Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akawa ananiambia kupitia mlangoni: spana ya kumi na saba, hapo kulia. Legeza mkanda kwanza. Usivute, sukuma. Boli za mota zilikuwa nne. Tatu zilitii. Ya nne ilikataa, nikaweka spana, nikaipanda. Nilipoitoa mota na kuivuta mpaka mlangoni nilikuwa nimelowa jasho na uji umeungua. Kisha nikaisukuma mashine mwenyewe mpaka uani, na ilipotoka nje ya kizingiti, juani, nikamwambia, "Baba Zuhura, mie mwenye miti nimekupa. Iguse."

Akaigusa. Akafungua kizibo cha chini ya tangi, yakatoka maji mekundu ya kutu, mengi, yananuka. Nililia kwa hasira kuyaona. Alifanya kazi hadi adhuhuri, Chande, aliyekuwa amepita asubuhi ile na lori lake, akimshikia na kumkazia, wakapanga puli zikatazamana, wakafunga mkanda. Chande akazungusha hendeli. Dizeli ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Tukakaa tunaangalia ule mshale wa saa ya tangi unapanda. Salumu akaweka tone la mafuta kwenye bunduki, akafunga soketi nyeusi, akaiweka kwenye nati ya lori la Chande, mkono wake wa kulia, ule uliopinda, akabonyeza. Sijapata kusikia sauti kama ile. Ilikuwa kama bati linapasuliwa. Kuku walikimbia. Nati ikatoka ikazunguka ndani ya soketi kama mchezo, na Salumu akageuka akaniangalia, midomo inasema kitu, sikusikia kwa kelele, na haikuhitaji kusikika.

Nilijua Mjomba ameisikia kule barazani kwake, na sikutaka anikute nyumbani nimejificha. Nikafuta ile mota kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaifunga kwenye kanga yangu ya kuswalia iliyo safi, nikajitwika. Ilikuwa nzito kupita ndoo ya maji, lakini mie nimebebeshwa mihogo toka nikiwa mtoto. Nikapita katikati ya kijiji, shingo imenyooka. Barazani Mjomba alikuwa na wazee wale wawili, kahawa mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

Akapuliza kahawa yake. Nikapiga goti, nikaitua karibu na miguu yake, nikafungua fundo.

"Nini hii?"

"Amana yako. Haijavunjika, haijakwaruzika. Umeme ukifika, nitumie mtu niifuate."

Mzee mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Mjomba akaitazama mota, akanitazama mie, mishipa ya shingo imesimama. "Umenivua nguo mbele za watu, Somoe."

Mengi ya kumjibu yalikuwa ulimini, lakini alikuwa mjomba wangu na goti langu lilikuwa bado chini. Nilisema, "Shikamoo, mjomba," mara ya pili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwa sababu ya kwanza hakuipokea, na nikabaki palepale kuingoja haki yangu. Wazee wakamtazama. Bunduki ikalia kule uani, nati nyingine. Ikalia tena.

"Marahaba," akasema, puani.

Nikainuka nikakung'uta mchanga kwenye goti, nikachukua kanga yangu, nikarudi, maana lilikuwa limefika lori la pili.